Sio kila kuku anayesinzia ana mdondo

Juzi Jumamosi, jua likiwa linaingia ziwani, nilikuwa napachika vifungo kwenye mashati ya shule nikasikia hodi ya mtu mwenye haraka. Ni kijana wa jirani, anaendesha bodaboda hapa Igombe. Amefunga koti mpaka shingoni, na kwenye zipu kimetokeza kichwa cha kuku.

"Shikamoo mama. Huyu ana mdondo. Nimchinje leo kabla hajafa?"

"Marahaba mwanangu. Nani amekwambia ana mdondo?"

"Si unaona anasinzia."

Huku kwetu mdondo, ule ugonjwa wa virusi wa kuku ambao wengine wanauita kideri, umekuwa jina la kila kitu. Kuku akisinzia, mdondo. Akiharisha, mdondo. Akiacha kutaga, basi mdondo umebisha hodi. Ni kama zamani kila mwenye joto mwilini aliambiwa ana malaria akapewa vidonge, apone asipone. Simcheki kijana wa watu, maana mimi mwenyewe nimewahi kumaliza hela na kuku kwa ugonjwa ambao haukuwepo. Nimekaa na hilo jambo miaka kadhaa, leo acha niliandike.

Kwanza mjue nani anaongea. Mimi ni fundi cherehani. Sare za shule ndiyo kazi yangu, hasa Desemba na Januari. Kuku nimeanza nao baada ya mzee wangu kustaafu uvuvi, na banda liko nyuma ya nyumba katikati ya majiwe mawili makubwa, yale majiwe yetu ya Mwanza ambayo huwezi kuyahamisha bali unajenga kuyafuata. Cherehani iko karibu na mlango wa uani, kwa hiyo kutwa nzima nawasikia. Sauti ya kuku wazima naijua kama ninavyojua mashine yangu ikiwa na mafuta. Ikibadilika, mguu unaacha kukanyaga pedeli wenyewe.

Mdondo wa kweli niliuona Agosti 2018. Nilikuwa na kuku thelathini na wanne. Mgeni mmoja alituletea jogoo wa zawadi kutoka mnadani, mzuri, mwekundu, nikamwachia wachanganyike siku hiyohiyo. Kosa la kwanza hilo. Siku ya sita asubuhi nikakuta watatu wamejikunyata, mabawa yameshuka kama mtoto aliyevalishwa koti la kaka yake. Mavi ya kijani, kijani kibichi kabisa, yamewagandia kwenye manyoya ya nyuma. Kufika jioni walikuwa kumi. Wengine wanahema kwa mdomo wazi, shingo wameinyoosha. Siku ya tatu wakaanza wale wanaopinda shingo: kichwa kinageuka mpaka kinatazama juu, kuku anarudi kinyumenyume, anazunguka mahali pamoja. Ndani ya wiki walibaki watatu. Mmoja kati ya hao watatu aliishi na shingo yake ya upande kwa miezi mingi, akitaka kudonoa punje anadonoa pembeni yake.

Mtu aliyeuona huo hawezi kuusahau, na ndiyo maana nashangaa jina lake linavyotupwatupwa. Mdondo hauchagui kuku mmoja ukakaa naye wiki mbili wakati wenzake wanachakura. Ukiingia kwenye banda ambalo halijachanjwa, unapita kama moto kwenye nyasi za Septemba. Kwa hiyo mtu akiniletea kuku mmoja mgonjwa, swali langu la kwanza halimhusu huyo kuku. Nauliza: wenzake wakoje? Wa jirani je? Imeanza lini? Kuna kuku mgeni ameingia?

Tangu mwaka ule nachanja. Chanjo ya tone la jicho, ile wanayoiita I-2, tone moja jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, banda zima siku moja. Ilitengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, maana inavumilia joto kuliko nyingine, na hapa nchini inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko nilio nao, kwa hiyo tunachanga kina mama sita, tunapita nyumba kwa nyumba saa kumi na moja alfajiri kuku wakiwa bado ndani. Tarehe naziandika kwenye kalenda ya ukutani pamoja na madeni ya wateja. Ila chanjo ni kinga tu. Kuku akishaanza kuharisha kijani, ukimdondoshea chanjo umechelewa. Mdondo wenyewe hauna dawa, hata muuzaji akikuapia.

Sasa kosa langu kubwa. Mwaka 2021, mwezi wa tano, nilifungia kuku ndani. Mchicha wa majirani ulikuwa unaliwa na maneno yalikuwa yameanza, nikaona bora niweke wavu kuliko nigombane. Nikawa nawapa pumba za mahindi, vumbi la dagaa linalobaki kwenye vichanja vya kuanikia, na mashudu ya pamba. Chakula cha kushiba. Nikajiona mfugaji wa kisasa.

Kufika mwezi wa tisa, mtetea mmoja akaanza kutokwa machozi. Kisha mwingine. Kope zinashikana, asubuhi jicho halifunguki mpaka nilipanguse kwa maji ya vuguvugu. Baadaye jicho linavimba, na ukibonyeza kope kinatoka kitu cheupe kigumu kama mtindi uliokatika. Nilikuwa naokota mayai kumi na manne kwa siku, yakashuka hadi manne.

Nikasema mafua. Kila mtu akasema mafua. Nikapanda daladala mpaka mjini, kwenye duka moja la dawa za mifugo, nikaeleza, na muuzaji hakuuliza hata wana umri gani. Akanipa unga wa antibayotiki wa kuchanganya kwenye maji, siku tano. Hakuna kitu. Nikarudi, akanipa mwingine, wa bei zaidi. Hakuna kitu. Wakati huo mayai yenyewe hayo manne nayatupa, kwa sababu kuku akiwa kwenye dawa mayai hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite. Wangapi wanasoma kile kibandiko, sijui, lakini chipsi mayai za mjini huwa nazitazama mara mbili.

Wa tatu alipokufa, bahati nzuri bwana mifugo alikuwa amekuja kwa jirani kuangalia ng'ombe. Nikamuita. Akaingia, hakushika kuku. Akasimama tu pale kwenye wavu kama mtu anayesubiri basi. Kisha akauliza, "Mama, hawa wanakula majani gani?"

Nikamwambia hawali majani, wako ndani.

"Na mahindi ni meupe?"

Nikamjibu mahindi yote ni meupe, ya njano nitayatoa wapi. Akaomba kisu. Tukampasua yule aliyekufa juu ya kipande cha bati, nyuma ya jiwe. Akachana kuanzia pembeni ya mdomo kushuka na umio, ile njia ya chakula, akaukunjua kama mtu anavyofungua mshono. Ndani kulikuwa na vidoadoa vyeupe, vimejaa, kila kimoja kama punje ya ulezi. Ukipitisha kidole unavihisi, kama kitambaa kilichodariziwa. Figo zilikuwa zimepauka, zina michirizi myeupe.

Akasema si mafua. Ni upungufu wa vitamini A. Ndiyo inayofanya ngozi laini ya ndani, ya macho, mdomo na koo, ibaki na unyevu wake. Ikikosekana, ngozi inakauka na kuwa ngumu, vitezi vinaziba, uchafu unagandia. Mahindi ya njano yana rangi ambayo mwili wa kuku unaigeuza kuwa vitamini hiyo, meupe hayana. Kuku wanaotembea wanaipata kwenye majani bila mtu kujua, na mwili unaiweka akiba kwenye ini. Ndiyo maana wangu walikaa karibu miezi minne bila kuonyesha kitu, akiba ikawaishia kwa kukaribiana, mmoja baada ya mwingine, nami nikadhani wanaambukizana.

Nilijisikia vibaya sana siku hiyo. Sio kwa kutojua, maana hakuna aliyenifundisha. Ni kwamba dalili zilikuwa zinanieleza wazi na mimi nilikuwa nimeshachagua jina. Mafua ya kuku yana harufu, tena mbaya. Ukimshika karibu na uso unageuza pua. Wangu hawakuwa wananuka. Mafua yanakuja kwa kasi, leo wawili, keshokutwa nusu ya banda wanapiga chafya na nyuso zimevimba. Wangu walikwenda polepole kwa wiki kadhaa. Mafua yana makamasi na mkoromo. Usiku kwenye banda langu kulikuwa kimya. Na dawa ya mafua, hata kama haiponyeshi moja kwa moja, huwa inapunguza. Yangu haikupunguza chochote isipokuwa hela.

Tiba ilikuwa matembele. Matembele, mchicha, majani ya mlonge, na unga wa vitamini wa kuchanganya kwenye maji kwa wiki mbili. Mzee wangu akaongeza la kwake: akawa anatoka Mwaloni Kirumba na maini ya samaki, tunachemsha, tunakatakata. Ini la samaki lina vitamini hiyo kwa wingi, na sisi tulikuwa tunakaa mita mia mbili kutoka ziwani kuku wakipofuka. Waliokuwa wamevimba kidogo walifunguka macho. Mmoja alibaki na jicho moja. Yupo mpaka leo, tunamwita Chongo, na ndiye wa kwanza kumuona mwewe.

Toka hapo nina utaratibu wangu. Sio wa kitabuni, ni wa fundi: kabla ya kukata, pima.

Kwanza simshiki. Kuku ni muongo mbele ya hatari, akiona mtu mgeni anajikaza anasimamisha shingo kana kwamba hana neno. Namfunika na tenga, naweka maji na punje chache, narudi kwenye cherehani, namtazama kwa pembeni. Baada ya dakika kumi amesahau kuwa anatazamwa, hapo ndipo ugonjwa unajitokeza. Anafumba macho? Anasimama kwa mguu mmoja? Anadonoa bila kumeza? Na nisingependa kumtazama saa nane mchana, maana jua la mchana linamfanya kuku yeyote ahemee mdomoni na kutanua mabawa. Asubuhi ndiyo inasema kweli.

Kisha namshika. Watu wanapenda kusema "ana homa, weka mkono uone". Mwili wa kuku mzima una nyuzi 41 hadi 42, kuku yeyote ukimshika ni wa moto. Usipoteze muda hapo. Mimi napitisha vidole kwenye mfupa wa kidari. Ukiwa umezungukwa na nyama pande zote, ugonjwa ni wa karibuni au hakuna. Ukiwa umechongoka kama ukingo wa rula, huyu ameanza kuumwa muda mrefu, na mwenyewe alikuwa haoni kwa sababu manyoya yanaficha. Nashika kifuko cha chakula pale juu ya kifua. Jioni kinatakiwa kijae, alfajiri kiwe tupu. Alfajiri kikiwa bado kigumu kama mpira, chakula kimekwama, mara nyingi nyasi ndefu au kamba za viroba. Naangalia upanga wa kichwani na ndevu: wekundu mzuri, au umepauka, au umekuwa wa zambarau. Nafungua mdomo, nanusa. Nafunua bawa. Naangalia chini ya mkia.

Halafu mavi. Msione haya, mfugaji asiyetazama mavi ni kama fundi asiyetazama upande wa ndani wa nguo. Ya kawaida yana sehemu nyeusi au kahawia na kofia nyeupe juu, ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Lakini kila baada ya mara kadhaa kuku anatoa mengine, laini, ya kahawia kama ugoro uliolowa, yananuka vibaya. Hayo yanatoka kwenye vile vifuko viwili vya utumbo na ni ya afya. Nimeshaletewa hayo kwenye jani la mgomba na mama mmoja akiwa karibu kulia. Nilimwambia arudi nyumbani akalale.

Damu ni kitu kingine. Vifaranga wa wiki tatu hadi sita, mvua zinanyesha, maranda yamelowa, wamejikusanya wanatetemeka na mavi yana damu: hiyo ni koksi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo, mpaka ithibitike vingine, na usisubiri kesho. Dawa ipo, amproliamu inafanya kazi vizuri ukiwahi, ila kama hukutoa matandazo yaliyolowa utanunua tena wiki mbili zijazo. Ukimpasua kifaranga aliyekufa nayo, utakuta vile vifuko viwili vimejaa damu. Njano-kijani kwa kuku wakubwa, wanakufa mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, na ukipasua ini ni kubwa lenye rangi ya shaba: hapo nafikiria homa ya matumbo. Nyeupe iliyogandia sehemu ya haja kwa vifaranga wa siku chache: tatizo huwa limetoka nao kwenye yai au kwa aliyewatotolesha.

Ndui wengi wanaijua, vipele kwenye upanga na kuzunguka macho, inakuja na mbu baada ya mvua. Ila kuna ya mdomoni, utando wa njano unaoziba koo, na huyo unaweza kumchanganya na hao wangu wa vitamini. Tofauti niliyofundishwa: utando wa ndui ukiubandua panatoka damu. Vile vidoa vya vitamini viko vidogovidogo, vingi, vinashuka mpaka kwenye umio.

Mwaka juzi tena mwanangu alinunua chotara ishirini, na mmoja, umri miezi minne, akaanguka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kama mwanasarakasi. Macho mazuri, anakula ukimsogezea. Hapa mtaani walishaanza kutaja jicho la mtu. Ni mareksi, virusi vinavyovimbisha mishipa ya fahamu ya miguu, na chanjo yake wanachomwa siku ya kwanza ya kuanguliwa. Muuzaji wa vifaranga alisema wamechanjwa. Nimeacha hapo.

Kuna na mambo yanayofanana na ugonjwa wakati si ugonjwa kabisa. Wateja wangu wa mayai walinirudishia trei nzima, kiini cha ndani kina rangi ya kijani-kahawia kama kaki ya skauti iliyofifia. Nikahisi ini, nikahisi sumu. Kumbe ni mashudu ya pamba. Sisi Kanda ya Ziwa pamba ni yetu, mashudu yake rahisi, lakini yana kitu kinachoitwa gosipoli, na ukizidisha kiini kinageuka rangi hasa yai likikaa. Nikapunguza, nikahamia mashudu ya alizeti, yakaisha. Kuku walikuwa wazima muda wote.

Na kupasua. Najua wengi hawapendi, lakini kuku aliyekufa ndiye pekee asiyeficha kitu. Nina mkasi wa zamani wa kukatia jinzi, hauingii kwenye kitambaa tena wala jikoni. Navaa glavu, na zikikosekana, mifuko ya plastiki mikononi. Siku zote nampasua ndani ya saa chache, maana kwa joto letu kuku wa tangu jana anakuwa wa kijani ndani hata kama alikufa kwa kugongwa na pikipiki. Nikiona kitu nisichokielewa, na wanaokufa ni zaidi ya mmoja, natafuta bwana mifugo au namfunga vizuri, barafu pembeni, apelekwe maabara ya mifugo. Kituo cha Kanda ya Ziwa kiko hapahapa Mwanza. Mdondo wenyewe unaacha alama: lile tumbo dogo kabla ya firigisi, ukilifungua unakuta vidoa vya damu. Baadaye shimo refu, majivu, udongo. Sio ziwani. Asubuhi moja nilikuta kuku watano wanaelea pale tunapochota maji, nikajua mtaa wa juu kuna msiba na hakuna aliyetuambia.

Nirudi kwa kijana wangu na koti lake.

Nilimweka yule mtetea chini ya tenga, nikamalizia vifungo vitatu. Alisinzia kweli. Lakini nilipomrushia mtama aliamka akaumaliza wote. Shingo imenyooka. Mavi ya kawaida, kofia nyeupe na kila kitu. Hakoromi, hatoi makamasi. Mfupa wa kidari umechongoka kiasi. Upanga ulikuwa mweupe, sio wa kufifia, mweupe kama ukoko wa ugali, na ndani ya mdomo vilevile. Huyu hana damu, nikasema moyoni. Minyoo? Inawezekana. Nikafunua mabawa na chini ya mkia nikitafuta utitiri, nikaona mdudu mmoja tu, tena wa kutia shaka.

"Wenzake wakoje?"

"Wazima, mama. Ila wamekuwa na kiburi. Jioni hawataki kuingia bandani, wanalala juu ya jiwe. Huyu ndiye anayelala ndani kwa sababu ana mayai."

Hapo nikaweka sindano chini.

"Na wewe ukienda kuokota mayai, huwashwi mikono?"

Akajikuna hata kabla ya kujibu.

Nikamwambia asimchinje, asile, asiuze, asubiri giza. Saa tatu usiku nikachukua kipande cha poplini nyeupe kilichobaki kwenye mashati, tukaenda kwake na tochi ya simu. Banda lake zuri, amelijenga kwa mbao za mtumbwi wa marehemu babu yake, na alikuwa analionea fahari. Mbao za mtumbwi zina nyufa, zina matundu ya misumari ya zamani, kila mahali pa kujificha. Utitiri mwekundu mchana haukai kwenye kuku, unakaa humo. Usiku unatoka, unanyonya, unarudi. Ndiyo maana nilimkuta na mdudu mmoja. Kuku anayeatamia hana pa kukimbilia, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyekuwa analisha banda zima.

Nilipitisha kile kitambaa chini ya ufito wa kulalia, mara moja, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikamulika. Kilikuwa na michirizi myekundu.

Alikishika akakitazama muda mrefu.

"Hii ni damu yake?"

"Yake."

Jana Jumapili tumekesha na masufuria ya maji ya moto. Viota tumechoma, fito tumepaka mafuta ya taa na tutaziacha zikauke vizuri kabla kuku hawajarudi, kila ufa umepigwa dawa ya unga kutoka duka la mifugo. Baada ya siku saba tunarudia, maana mayai ya utitiri yatakuwa yameanguliwa, na mdudu huyo anaweza kukaa miezi bila kula. Mtetea yuko kwangu, chini ya tenga, na mayai yake tisa. Nampa dagaa na matembele. Mama yake kijana amepita leo kuuliza kama mdondo umeisha.